Kikohozi cha Mtangulizi

Nchi ya Kifuani haimo katika ramani yoyote, na wenyeji wake husema kosa ni la wachora ramani. Namna Mwalimu Sengondo alivyofika huko haituhusu. Alifika kama wafikavyo wasafiri wote, amechoka, ana kiu, na ameshaanza kulinganisha kila akionacho na cha kwao. Alikuwa mwalimu mstaafu wa historia, mtu wa maneno mengi na subira haba, na alizunguka dunia na imani moja tu: ukimwonyesha mtu chanzo cha upuuzi wake, atauacha. Yeye hakuiita imani. Aliiita akili, na alikuwa tayari kumgawia yeyote aliyepungukiwa.

Mpakani alipokewa na askari mnene mwenye sare iliyopigwa pasi, akaambiwa akohoe. Mwalimu akaeleza kwamba yeye ni mzima, hana kikohozi. Askari akamtazama kwa huruma, akamwambia hakuna aliyemuuliza kama anacho, ameambiwa akohoe. Ukienda kwa wenye chongo, nawe vunja lako jicho. Mwalimu akakohoa. Askari akasikiliza kichwa kikiwa upande, kama fundi anayesikiliza injini, akagonga muhuri, kisha naye akakohoa kwa niaba ya serikali.

Alipoingia ndani aligundua kwamba nchi nzima inaendeshwa hivyo. Mwenye kununua mbuzi hukohoa, mwenye kuuza hujibu, na biashara imekwisha. Bibi harusi asiyekohoa mbele ya mashahidi hajaolewa, hata akiwa ameshazaa. Jaji mmoja alisahau kukohoa kabla ya kusoma hukumu, basi mwizi wa ng'ombe akarudi zake nyumbani, na ng'ombe akarudi naye. Kulikuwa na madhehebu mawili makubwa, Wa Mara Moja na Wa Mara Mbili, ambao mababu zao waliuana kwa vizazi kadhaa wakibishania idadi. Mwishowe wazee walipatana: kila mtu akohoe mara moja kamili, na nusu aimeze. Tangu hapo nchi ina amani, na karibu kila mtu ana kiungulia.

Mwalimu alipanga chumba kwa Bi Zamoyoni, mjane aliyekuwa akipokea wageni nyuma ya Hekalu. Alikuwa mwanamke wa dini hasa, mmoja wa akina mama waliokohoa kwa zamu katika ibada za asubuhi, na sare zake za kukoholea zilianikwa uani nyeupe pee. Walipokaa kula, Mwalimu hakuweza kujizuia. Aliuliza swali lake la siku zote, yaani haya mambo yalianzia wapi, na Bi Zamoyoni akamweleza kwa furaha, maana hakuna kitu alichokipenda kama kuulizwa.

Alisema kwamba zamani watu walikuwa wakiishi tu, hawajui kwa nini. Siku moja wakakusanyika wakaenda kwa Mtangulizi, kwenye kibanda chake, wakamuuliza siri ya maisha. Ilikuwa masika, mvua inamwagika, dirisha limefungwa, na kuni za jikoni zilikuwa mbichi. Mtangulizi akafumbua kinywa, akakohoa, kisha akasema mpaka jioni.

"Akasema nini?" Mwalimu aliuliza.

"Maneno yalikuwa mengi, baba, tena magumu. Kila mtu aliondoka na lake. Lakini kikohozi kilikuwa kimoja na chepesi, wote wakakishika."

Mwalimu alicheka hadi tonge likapotea njia, akakohoa kweli kweli, machozi yakamtoka. Watu wote wa nyumba ile, pamoja na wapita njia wawili waliomsikia kupitia ua, wakasimama kwa heshima mpaka alipomaliza.

Alikuwa bado anajifuta macho aliposikia kikohozi kingine kutoka chumba cha ndani. Hicho hakikuwa cha ibada. Kilikuwa kikavu, kirefu, na baada yake ilisikika pumzi ikivutwa kwa filimbi nyembamba, kama mlango mbovu unaosukumwa na upepo. Bi Zamoyoni aliacha kutafuna. Kisha akatabasamu, lakini tabasamu lenyewe lilichelewa kufika.

"Ni mwanangu Sikudhani," akasema. "Amekuwa Mteule."

Mteule, Mwalimu aliambiwa, ni mtoto anayekohoa bila kuamriwa. Hupatikana mmoja au wawili kila masika, na hakuna heshima inayoizidi hiyo. Majirani huleta mchele na kuku. Kila siku mtoto hupelekwa Hekaluni, hukalishwa kando ya Jiko Takatifu, pale pale kibanda cha Mtangulizi kilipokuwa, na humo huwashwa kuni mbichi, dirisha limezibwa kwa udongo, kama ilivyokuwa siku ile. Hukaa humo akikohoa kwa niaba ya taifa, hadi Sikukuu ya Kikohozi mwisho wa mwezi. Kumpa dawa ni kufuru. Kumpa hata maji ya tangawizi ni kufuru ndogo. Ukutani mwa Hekalu zimechorwa picha za Wateule wote waliopita, wametabasamu, wamevaa taji za majani, na Mwalimu alipokwenda kuzitazama kesho yake hakuona hata mmoja aliyeota ndevu wala kuvaa pete ya ndoa.

Sikudhani mwenyewe alikuwa mtoto wa meno ya mbele yaliyong'oka, mpenda maswali. Alimuuliza Mwalimu kama kwao samaki hukohoa. Hakupata nafasi ya kusikia jibu, kwa sababu kifua kilimshika, na mama yake akageuza uso wake ukutani asionekane akilia. Mwalimu alikasirika. Alikasirika kweli, si ile hasira ya mabishano aliyoizoea na kuifurahia. Sikukuu ilikuwa imekaribia, na mtoto yule asingeimaliza. Hata aliyekuwa kiziwi angeliona hilo kwa macho.

Alianza kwa Mkohoaji Mkuu, Bwana Lwanzali, aliyempokea katika ofisi safi yenye madirisha mapana na upepo mwanana. Alikuwa mzee mwembamba, mcheshi, mwenye sauti laini ajabu, na alimkaribisha kwa chai ya tangawizi na asali. Mwalimu alijiandaa kumshtua. Akamweleza, hatua kwa hatua kama anavyofundisha darasani, kwamba mvua ilinyesha, kwa hiyo dirisha likafungwa. Mvua ilinyesha, kwa hiyo kuni zikalowa. Kuni zikalowa, kwa hiyo moshi ukajaa. Moshi ukajaa, kwa hiyo mzee wa watu akakohoa. Dini nzima, alisema, ni mvua ya siku moja. Akangoja nguzo zianguke.

Bwana Lwanzali akamwongezea chai. Alisema kwa upole kwamba hilo hufundishwa kwa wanafunzi wa Hekalu katika mwaka wa kwanza, kabla hata ya kushona majoho. Mwaka wa pili hufundishwa kwamba huenda Mtangulizi walikuwa watu watatu tofauti. Mwaka wa tatu, kwamba huenda hakuwapo.

"Na baada ya hapo wanaendelea kukohoa?"

"Vizuri zaidi kuliko mwanzo. Mwalimu, ukimwonyesha mtu mkeka aliozaliwa juu yake, je, hutoweka?"

Mwalimu akauliza habari za mtoto. Hapo Mkohoaji Mkuu akaweka kikombe chini, na ucheshi ukamtoka usoni. Akasema yeye mwenyewe hulala vibaya kila masika. Lakini watu wametoka mbali kuja kumwona Mteule, na wengine wametembea na wagonjwa wao migongoni. Akiwaambia leo kwamba kikohozi ni moshi tu, watamuuliza wale wa ukutani walikufa kwa ajili ya nini, na yeye hana jibu la kuwapa mama zao. Funika kombe, mwanaharamu apite, alisema, na Mwalimu aliona kwamba mzee huyu amefunika makombe mengi sana hata hajui tena lipi lina nini ndani.

Kutoka hapo alikwenda Nyumba ya Vipimo. Hakuhitaji kwenda mbali, kwa kuwa Nyumba na Hekalu zinatumia ukuta mmoja na jiko moja la kupikia, na wapishi ndio pekee wanaoingia pande zote mbili bila kibali. Wakati wa vita vya madhehebu Hekalu lilitaka watu wa kutofautisha kikohozi cha kweli na cha kughushi, likawachagua vijana wake wenye masikio mazuri, likawapa chumba. Vijana wale wakaanza kusikiliza vifua kwa pembe za mbuzi. Wakachora mapafu. Wakagundua mambo ambayo hawakutumwa kuyagundua, na Hekalu likawatia kifungoni wawili au watatu, kama ilivyo desturi, kisha likawapa nishani wajukuu wao. Siku hizi wanaishi kama mtu na shemeji yake: hawapendani, lakini kwenye msiba wanakaa pamoja.

Daktari Kishosha, Mpimaji Mkuu, alikuwa mwanamke mrefu mwenye joho la kijivu lenye vifungo ishirini, ambavyo hakuna aliyejua kazi yake na hakuna aliyethubutu kuvipunguza. Alimsikiliza Mwalimu bila kumkatiza. Akasema ndiyo, ni moshi. Nyumba ililithibitisha jambo hilo zamani, ikalithibitisha tena, na kila mwaka mwanafunzi mmoja hulithibitisha upya ili apate shahada. Alikuwa amempima Sikudhani mwenyewe. Kifua cha mtoto kilikuwa kikipoteza nguvu kila siku kwa kiwango kinachofuata mstari mzuri mno, adimu kuuona, na alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayependa kazi yake.

"Basi mwondoeni kwenye moshi," Mwalimu alisema.

Daktari akamkumbusha, kana kwamba Mwalimu aliwahi kujua, habari za Mkataba wa Ukuta. Vita baina ya pande mbili vilikoma kwa sharti kwamba Hekalu liseme kwa nini, Nyumba iseme kiasi gani, na asiwepo wa kusema tufanye nini. Mkataba huo husifiwa sana na wageni. Akasema anaweza kumwambia mama wa mtoto kwa usahihi mkubwa lini mwanawe atakufa, ila kumwambia amsogeze dirishani kungekuwa kuvuka mpaka na kuingilia mambo ya thamani na maana. Alipokuwa akisema hayo vidole vyake vilikuwa vikifungua na kufunga kifungo kimoja. Penye miti hapana wajenzi, Mwalimu alijiambia akishuka ngazi, na alikuwa na hasira kiasi cha kukosea mlango na kutokea jikoni.

Likabaki tumaini la tatu, nalo alilipenda kuliko yote. Kulikuwa na Chama cha Wasiokohoa, watu walioikana dini ya Mtangulizi waziwazi, na waliposikia kuna mgeni mwenye akili mjini walimwalika awe mgeni rasmi. Walikutana kila wiki, saa ile ile ya ibada ya Hekalu, katika ukumbi uliofanana na Hekalu, wakaketi kwa safu na kutokohoa kwa pamoja. Ilikuwa kazi ngumu. Nyuso ziliiva, macho yakawatoka, na katibu akapita katikati ya viti akisikiliza. Mwezi uliopita walimfukuza mwanachama mkongwe aliyekwamwa na mwiba wa samaki, ingawa alijitetea kwamba nia yake haikuwa ya kidini. Mwalimu alipowaeleza habari za Sikudhani, wote walisikitika sana. Wakaamua kwa kauli moja kulaani. Mwenyekiti, kijana msomi mwenye miwani, akamnong'oneza kwamba kifo cha mtoto huyo, kikiandikwa vizuri, kitakuwa hoja ambayo Hekalu halitaweza kuijibu. Mwalimu akatoka nje bila kuaga, na mlangoni akakohoa kwa makusudi, kwa nguvu zote.

Siku ya mkesha wa Sikukuu alimkuta Bi Zamoyoni uani akipiga pasi sare yake, pasi ikipita mahali pamoja tu. Mwalimu akaketi juu ya kinu kilichogeuzwa, akamfundisha. Alimweleza jinsi dini zinavyozaliwa, woga wa radi na mauti, wafalme wanavyozitumia, wanazuoni wanavyozitengeneza upya. Yalikuwa maelezo mazuri. Kwao wanafunzi wangepiga makofi. Bi Zamoyoni alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, pasi ikiwa juu juu asiunguze nguo.

"Ahsante, mwalimu," akasema. "Sasa katika historia hiyo yote, mwanangu anapumua?"

Bi Zamoyoni akaendelea na pasi. Alisema yeye hataki Mtangulizi awe mwongo. Anampenda Mtangulizi, alimlilia yeye alipofiwa na mume, na akafarijika. Ila kuna jambo limekuwa likimkaa rohoni wakati wa ibada, na hana wa kumuuliza kwa sababu anaona aibu. Kila mtu anasema: alikohoa. Na maandiko yanasema: kisha akasema mpaka jioni. Mtu hawezi kusema mpaka jioni huku anakohoa. Kwa hiyo kikohozi kilikoma. "Kilikomeshwa na nini?" aliuliza, si kwa ukali, akimtazama Mwalimu kama mtu anayeuliza njia. "Mbona hakuna anayekohoa na kisha akanyamaza?"

Sikukuu ilipofika, Hekalu lilijaa hadi watu wakakaa juu ya kuta. Mkohoaji Mkuu alivaa joho la rangi ya majivu. Daktari Kishosha aliketi upande wa pili na pembe yake ya fedha, tayari kuhesabu. Katikati, kando ya Jiko Takatifu, Sikudhani alikuwa ameketi kwenye kiti kidogo na taji la majani limemteremkia masikioni. Moshi ulikuwa mzito. Watu elfu walikohoa pamoja mara moja na nusu, wakanyamaza, wakamwacha Mteule aendelee peke yake, kama sheria inavyotaka. Akaendelea. Akaendelea hata wale waliotoka mbali wakaanza kutazama miguu yao. Filimbi ya kifuani ikawa nyembamba zaidi, kisha Mwalimu hakuisikia tena, akaona tu mdomo wa mtoto ukifunguka na kufungika.

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Bi Zamoyoni alitoka katika safu ya akina mama wakohoaji. Hakupiga kelele wala hakukimbia. Alipita mbele ya Mkohoaji Mkuu, ndara yake ya kushoto ikanasa kwenye ufa wa sakafu ikabaki pale, akaendelea na mguu mmoja mtupu mpaka kwenye dirisha lililozibwa tangu enzi za mababu. Akachukua mwiko mkubwa wa kukorogea majivu matakatifu, akapiga udongo. Akapiga tena. Dirisha likafumka, mwanga ukaingia, upepo ukaingia, na vumbi la vizazi vyote likamwangukia Mwalimu Sengondo aliyekuwa ameketi chini yake. Mwalimu akapiga chafya moja iliyosikika hadi sokoni.

Kila mtu alimtazama Bwana Lwanzali. Alikuwa na neno moja la kusema, na yalikuwapo mawili tu ya kuchagua, kufuru au ufunuo. Mwalimu aliona midomo ya mzee ikijaribu moja, kisha lingine. Moshi ulikuwa ukitoka dirishani taratibu kama mgeni aliyekaa sana. Sikudhani akavuta pumzi. Akavuta nyingine, ndefu. Akaangalia watu wote wale, akasukuma taji lake nyuma.

"Mama," akasema, "nina njaa."

Mkohoaji Mkuu akapiga magoti. Wengine baadaye walisema ni ujanja, wengine wakasema ni Roho. Mwalimu, aliyekuwa karibu kabisa, aliona tu mzee anayelia.

"Akakohoa," Bwana Lwanzali alisema kwa sauti yake laini, "kisha akasema."

Watu elfu wakaanguka kifudifudi. Bi Zamoyoni alikwisha kumbeba mwanawe mgongoni na alikuwa anatafuta mlango. Mwalimu aliondoka Kifuani wiki ile ile, mtoto akiwa anakula uji vibakuli viwili na kuuliza kama samaki hupiga chafya. Aliondoka akijisifu njia nzima, ingawa hakuna alichofanya, na aliporudi kwao aliwaeleza watu kwamba ameshuhudia mwisho wa ujinga.

Alirudi baada ya miaka mingi, akiwa mzee wa mkongojo, wakati wa kipupwe, wakati upepo wa milima ya Kifuani unapokata kama wembe. Mpakani askari mwembamba hakumwambia akohoe. Alimuuliza yeye ni wa Kiatu Kimoja au wa Chafya. Mwalimu akatazama chini, akaona mguu wa kushoto wa askari hauna kiatu, umevimba kwa baridi. Alipofahamu, moyo ulimshuka. Akaanza kueleza kwamba yeye alikuwapo, kwamba chafya ile ilikuwa yake, tena ilikuwa vumbi tu. Askari akamwonya kwa upole asirudie maneno hayo, kwa sababu Mwenye Chafya alikuwa mtu mrefu, mwenye kung'aa, na aliondoka bila kufa.

Nchi nzima madirisha yalikuwa wazi. Yalikuwa wazi usiku na mchana, kiangazi na kipupwe, kwa upana wa shubiri mbili kama ulivyohakikishwa na Nyumba ya Vipimo, ambayo ilikuwa pia imeanza kupima kutetemeka. Wa Kiatu Kimoja na wa Chafya walikuwa wameshapigana mara moja. Chama cha Wasiokohoa, kwa kushika msimamo, kilikutana katika ukumbi uliozibwa, kuni mbichi zikiwaka, na wanachama wake walikuwa wakikohoa vibaya sana.

Alimkuta Bi Zamoyoni katika nyumba ile ile, mzee, kipofu wa jicho moja, na ndara moja tu mguuni. Mahujaji walijaa uani. Alicheka alipomtambua, kisha akalalamika kwamba ameomba ndara ya pili miaka yote hii. Kila akiomba, wanalia na kumbusu mguu. Sikudhani alikuwa ameketi nyuma yake, mwanamke mzima mwenye mabega mapana, na mtoto mchanga kifuani amefungwa kwa khanga tatu. Mtoto alikuwa wa moto, na midomo yake ilikuwa ya buluu. Juu ya kitanda chake dirisha lilikuwa wazi shubiri mbili, upepo ukiingia nao ukungu.

Mwalimu akauliza kwa nini hawalifungi. Sikudhani akamjibu kwa ufupi, kama mtu aliyechoka kusema. Ameshalifunga mara nyingi. Mahujaji hulifungua, kwa heshima. Mama yake alipolifunga kwa mkono wake, walisema Mama wa Dirisha anawajaribu imani, wakaling'oa bawaba kwa shangwe. Ikabidi watie nyingine.

"Wewe wakikujua watakufuata," Bi Zamoyoni akamwambia Mwalimu. "Mimi ninaweza kuwaambia wewe ni nani. Kwangu hawatakataa."

Mwalimu alielewa anachoombwa. Alikuwa ameishi maisha yake yote akiwacheka watu waliojiita watakatifu, na sasa alitakiwa aingizwe miongoni mwao, akiwa hai, na meno yake yamebaki machache. Alisema ni uongo. Alisema wakifunga leo hawatafungua tena, na masika yatakuja, na moshi, na watoto wengine. Alisema chanzo chake kitakuwa yeye.

"Funga, mwalimu," Sikudhani alisema. "Na wao watapata wa kulifungua. Mimi nilipata."

Mtoto akavuta pumzi, na Mwalimu akaisikia ile filimbi. Hakubisha tena. Bi Zamoyoni akawaita mahujaji waingie, akawaambia huyu hapa ndiye Mwenye Chafya, na wao wakajipanga ukutani hawathubutu hata kupepesa. Mwalimu Sengondo akaenda dirishani. Alikwenda kwa uangalifu ambao hajawahi kuutumia kwa jambo lolote. Alihakikisha viatu vyake vyote viwili viko miguuni na vimefungwa kamba. Hakupiga magoti, hakusema neno, hakuinua uso juu wala kuuinamisha sana. Alitaka kulifunga jinsi mtu yeyote anavyofunga dirisha, ili pasiwe na cha kuiga. Lakini bawaba mpya zilikuwa na vumbi, pua ikaanza kumwasha, na kwa hofu ya chafya akaibana kwa vidole viwili, akalisukuma dirisha kwa mkono mwingine mpaka likagota.

Chumba kikatulia. Upepo ulibaki nje ukigonga. Mtoto alikohoa kidogo, akageuza uso kwenye ziwa la mama yake, akalala.

Mwalimu alibaki ameutazama ule ubao kwa muda, kwa sababu alijua akigeuka ataona nini. Kisha akageuka. Mahujaji wote, kuanzia mlangoni hadi uani, walikuwa wamebana pua zao kwa vidole viwili, macho yakiwatiririka machozi ya furaha. Na nyuma kabisa mzee mmoja alikuwa anamuuliza mwenzake, kwa sauti ya chini na kwa adabu, kama ule wa puani ulikuwa mkono wa kulia au wa kushoto.